Milimita Mia Moja Arobaini na Mbili

Madame Marcelline hakuanza kupima mvua kwa sababu ya machimbo. Alianza kwa sababu watoto wa darasa lake la tano walikuwa wakiimba sayansi kama wimbo wa kanisani: maji yanageuka mvuke, mvuke unageuka wingu, wingu linageuka mvua. Siku moja aliwakatiza wimbo akawauliza mvua ya jana ilikuwa kiasi gani.

"Nyingi, Madame!" wakajibu wote kwa pamoja.

"Nyingi kama nini?"

Hapo watoto wakaangaliana.

Shule yao ilikuwa kati ya Wamaza na Lusangi, mahali ambapo pikipiki hufika ikiwa imevaa matope hadi kwenye taa. Kuta zilikuwa za matofali mabichi, zimeishia kifuani, na mvua kubwa ilipopiga mabati hakuna aliyemsikia mwenzake, kwa hiyo somo lilisimama mpaka itakapokatika. Marcelline, mwanamke wa miaka arobaini na mbili aliyezaliwa kijiji hichohicho, aliona ni ujinga kukaa bure wakati somo lenyewe linawanyeshea kichwani. Akachukua chupa ya maji ya plastiki, akaikata kichwa na kukigeuza kiwe mdomo wa kupokelea. Chini akatia vijiwe, akamimina maji mpaka mstari wa sufuri, kisha akabandika ubavuni kipande cha rula. Waliifunga kwenye nguzo katikati ya uwanja, mbali na paa na mbali na miti. Kila asubuhi saa moja mwanafunzi mmoja alisoma, mwingine akaandika kwenye daftari, na baada ya hapo maji yakarudishwa sufuri.

Aliyesoma vizuri kuliko wote alikuwa Cadette. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, binti ya Aganze, mchimbaji wa dhahabu aliyetoka upande wa Bukavu na mkewe Nsimire miaka minne iliyopita. Watoto wa wachimbaji walizoea kukaa nyuma, na watoto wa kijiji mbele, wala hakuna aliyewapanga hivyo. Lakini Cadette alipokwenda kwenye chupa, alipiga goti matopeni mpaka jicho lake likalingana na maji, na hakutamka namba mpaka awe ameisoma mara mbili. Wenzake walimwamini. Kwa muda wa mwaka mzima daftari likajaa. Tarehe, milimita, upepo umetoka wapi, mawingu ya namna gani. Wazazi walipita wakicheka. Walisema Madame anahesabu matone ya Mungu.

Novemba ile mvua ilinyesha siku tatu bila kupumzika sana. Jumatatu asubuhi Cadette alisoma thelathini na moja. Jumanne, arobaini na saba. Jumatano mvua ilikatika alfajiri, jua likatoka safi, na mvuke ukapanda kutoka kwenye majani ya mihogo. Cadette alipiga goti, akasoma, akasoma tena.

"Sitini na ine, Madame."

Hakukuwa na namba kama hiyo ndani ya daftari zima. Darasa likafurahi kama watu walioshinda mpira, na Marcelline akafurahi pamoja nao. Alijumlisha ubaoni: mia moja arobaini na mbili kwa siku tatu. Akawakumbusha kwamba milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kisha akatafuta mfano wa kuwachangamsha, na mfano ulikuwa mbele ya macho yao, upande wa pili wa bonde: kilima cha Mutuku, ambacho ubavu wake wachimbaji walikuwa wameukata ukabaki udongo mwekundu mtupu.

"Tuseme ule ubavu iko na mita mia moja kwa mita makumi tano. Maji ngapi imeanguka pale?"

Wakazidisha. Chaki zikalia kwenye vibao vyao vidogo. Lita laki saba na elfu kumi. Wakagawanya kwa bidoni, yale madumu ya lita ishirini, wakapata bidoni elfu thelathini na tano na mia tano, na mtoto mmoja akapiga mluzi kwa mshangao.

Cadette peke yake hakucheka. Aliinua mkono.

"Madame, ile maji yote inaendaka wapi?"

"Ingine inashuka mu mto. Ingine inaingia mu udongo."

"Na ikishaingia mu udongo?"

Marcelline alitazama nje, akaona jua limepanda. Ilikuwa karibu saa ya Kifaransa.

"Hiyo ni somo ya kesho," akasema. "Kesho tutasoma udongo."

Haikufika hata saa nne. Kwanza walisikia kitu kama lori linamwaga mchanga, na hakukuwa na lori lolote upande ule. Kisha kelele za wanaume, halafu za wanawake. Marcelline alitoka mlangoni, akaona kwamba ubavu wa Mutuku umebadilika sura. Alipogeuka kuwazuia watoto, Cadette alikuwa tayari ameruka ukuta mfupi, anakimbia bondeni bila viatu.

Wachimbaji walichimba kwa sepetu, kwa masufuria, kwa mikono. Waliwatoa watu wanne. Aganze alikuwa wa tatu kutolewa, na alikuwa bado ameshika kamba ya ndoo. Siku ya pili waliwazika wote wanne, wawili kwa sala za padri na wawili kwa dua, maana machimboni watu wa dini zote hushuka shimo moja. Marcelline alisimama nyuma ya waombolezaji. Kila alipofumba macho aliona ubao wake mwenyewe, na ile namba ameipigia mistari miwili chini kwa chaki.

Kabla matanga hayajaisha, maneno yakaanza kutembea. Mwenye shimo, mtu aliyeitwa Byamungu, ambaye wachimbaji walimwita PDG, yaani mkurugenzi mkuu kwa Kifaransa, ndiye aliyewaamuru watu washuke Jumatano ile, kwa sababu siku mbili zilikuwa zimepotea na mvua imekwisha. Kila mtu alijua. Lakini kila mtu pia aliuliza swali lilelile: mvua kweli hubomoa shimo wakati jua linawaka? Siku mbili za mvua kubwa shimo lilisimama imara, likaja kuanguka kwenye ukavu. Hiyo si mvua, walisema. Hiyo ni mkono wa mtu.

Mkono wenyewe ukapata jina upesi. Christophe alikuwa mkulima wa kijiji, shamba lake la mpunga lilikuwa chini ya Mutuku, na matope ya machimbo yalikuwa yamelifunika misimu miwili mfululizo. Mwezi uliotangulia alikuwa amepanda mpaka shimoni akapiga kelele mbele ya watu wote: "Hii shimo itawameza!" Lilikuwa neno la mtu aliyepoteza mpunga. Sasa likageuka neno la mchawi.

Ijumaa jioni Byamungu alikuja nyumbani kwa Marcelline. Alikuwa mtu mpole wa sauti, amevaa koti safi. Alikataa kiti, macho yake kwenye daftari la darasa lililokuwa mezani.

"Mwalimu, nimesikia unaandikaka mvula mu kaye."

"Watoto ndio wanaandika, Papa Byamungu."

"Ile kaye, uiweke tu ndani ya nyumba. Watu iko na uchungu. Ukitoka na kusema mvula ilikuwa nyingi, watauliza nani alijua." Akamtazama usoni. "Miye sikukuwa na kaye. Wewe ulikuwa nayo."

Akaaga kwa adabu, akaenda zake. Marcelline alibaki amesimama palepale, mkono kwenye mlango. Yule mtu hakuwa amedanganya. Yeye aliiona namba kubwa kuliko zote, akaigeuza hesabu ya kuchekesha watoto, na mtoto mmoja alipomwuliza swali lililotakiwa kuulizwa, alimwahidi kesho. Kijana yeyote wa kijiji angevuka bonde kwa dakika ishirini kwenda kusema: ngojeni. Angesikilizwa? Hakujua. Lakini hakumtuma mtu.

Jumamosi alivuka bonde yeye mwenyewe, mpaka kwenye vibanda vya maturubai ya shitingi vya wachimbaji. Nsimire alikuwa ameketi mkekani kati ya wanawake, kichwa amekifunga kitambaa cheupe. Cadette alikuwa pembeni, amekunja magoti. Marcelline aliketi chini mbele yao, akatoa pole yake, kisha akaomba wanawake wengine wawaachie nafasi kidogo.

"Mama Cadette, nimekuja kukuambia kitu. Asubuhi ile, kabla shimo haijaanguka, tulikuwa tumepima mvula. Ilikuwa nyingi kupita siku zote. Tulihesabu maji ya Mutuku mpaka bidoni. Nilikuwa na ile namba mbele ya macho yangu, na sikufikiri watu wenye kuwa chini. Sikutuma neno."

Nsimire alimwelekezea Cadette kidevu. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Unaona hii mutoto? Tangu Jumatano hajakula. Jana ndio aliniambia: Mama, ni miye nilisoma chupa, ni miye niliua Papa." Akamgeukia mwalimu. "Ulimufundisha nini, Mwalimu? Ulimufundisha kubeba kifo ya baba yake?"

Marcelline hakujitetea. Alisogea mpaka akawa karibu na Cadette, akainamisha kichwa ili macho yao yalingane.

"Cadette, nisikilize. Kusoma chupa ilikuwa kazi yako, na uliisoma vizuri. Uliuliza maji inaenda wapi. Ni wewe peke yako uliuliza. Kujibu ilikuwa kazi yangu, na kwenda kuambia watu wakubwa ilikuwa kazi yangu. Na kukataza watu kushuka ilikuwa kazi ya mwenye shimo. Hakuna kipande cha ile kazi kilikuwa cha mutoto. Hata kimoja."

Mtoto alimtazama, kisha akalia kwa sauti, kilio cha kwanza tangu maziko. Nsimire alimvuta kifuani. Hakumwambia Marcelline abaki, wala hakumfukuza.

Habari kwamba wachimbaji wataenda kwa Christophe Jumapili baada ya ibada zilimfikia kila mtu, na Christophe mwenyewe pia. Mkewe na watoto walikimbilia kwa ndugu. Yeye hakukimbia, akisema anayekimbia amekubali. Usiku kucha Marcelline aliwaza. Alfajiri akaenda kwa mkuu wa shule, Jean-Baptiste, akamwambia atakalofanya.

"Watakupiga pamoja naye," alisema Jean-Baptiste.

"Inawezekana, Direkta."

Mzee wa watu alivaa kofia yake akamfuata.

Walipofika, uani kwa Christophe kulikuwa na wanaume zaidi ya sitini. Mbele alisimama Kamaldine, mchimbaji ambaye mdogo wake alikuwa mmoja wa wale wanne, ameshika bidoni ya petroli. Byamungu alikuwa nyuma, kwenye kivuli, mikono mifukoni. Christophe alikaa kwenye kizingiti cha mlango wake kama mtu anayesubiri daktari.

Marcelline alipita katikati yao akiwa na beseni kichwani na daftari kwapani. Hawakumzuia, labda kwa sababu wengi wao walikuwa na mtoto darasani kwake. Alitua beseni chini, akafungua daftari, akasoma kwa sauti ileile ya imla: Jumatatu, thelathini na moja. Jumanne, arobaini na saba. Jumatano, sitini na nne. Akawaambia ni bidoni ngapi zilimwagika juu ya kilima. Akawaambia pia kwamba yeye alijua tangu saa moja asubuhi, na shimo lilianguka karibu saa nne, na kati ya saa hizo hakufanya kitu.

"Kama munatafuta mutu mwenye alijua akanyamaza," alisema, "miye hapa."

Manung'uniko yakapanda. Kamaldine akapaza sauti: "Madame, jua ilikuwa inawaka! Mvula ilikuwa imekwisha!"

"Mvula ilikwisha juu. Chini ilikuwa bado inatembea. Ngojeni muone."

Ndani ya beseni kulikuwa na udongo mwekundu wa Mutuku, alioushindilia kwenye bidoni iliyokatwa, kisha akaugeuza ukasimama kama tofali nene. Kwa kijiko alikuwa ametoboa shimo chini yake, na juu ameweka jiwe. Jana yake nyumbani alikuwa amejaribu mara tatu. Mara mbili udongo ulianguka, mara moja ulikataa. Hilo hakuwaambia. Aliinama kuchukua kikombe kwenye ndoo ya maji ya pale uani, na mkono mwingine ukakichukua kabla yake.

Alikuwa Nsimire. Hakuna aliyemwona akifika. Kitambaa cheupe kilikuwa bado kichwani, na nyuma yake Cadette ameshika pindo la kitenge chake.

"Niache nimwage," alisema Nsimire. "Kwangu hawatasema ni uchawi."

Akamwaga kikombe cha kwanza polepole. Udongo ukanywa. Akamwaga cha pili, ukanywa, ukabadilika rangi. Cha tatu. Tofali lilisimama na jiwe lake juu.

"Sasa uache," alisema Marcelline. "Mvula imekwisha. Jua imetoka."

Wakangoja. Jua lilikuwa kali kweli. Dakika moja ikapita, labda mbili. Mtu mmoja akacheka. "Iko inasimama!" Byamungu akatoa mkono mfukoni akaunyoosha kama anayesema, si mnaona wenyewe? Marcelline alifikiria ile mara ya tatu, ile iliyokataa. Cadette alikuwa amepiga goti kando ya beseni, jicho limelingana na udongo.

"Imepasuka," alisema mtoto.

Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele. Maji kidogo, mekundu, yalitoka kwenye shimo la chini ingawa hakuna aliyekuwa akimwaga. Halafu ubavu wote ukateleza mara moja, bila kelele, na jiwe likazama ndani.

Kamaldine alitazama beseni, akamtazama Christophe, kisha akageuka polepole mpaka macho yake yakamkuta Byamungu kwenye kivuli.

"PDG," alisema, "siku ile mudogo wangu alikuambia udongo iko inalia maji. Nilikuwa pale. Ulimujibu nini?"

Byamungu alirudi hatua moja nyuma. Watu walianza kumgeukia mmojammoja, na Marcelline akaogopa kuliko alivyoogopa asubuhi nzima, kwa maana aliona hasira haikufa, imehama tu. Akasimama katikati yao na Byamungu.

"Hapana," alisema. "Sikukuja kumutoa mutu mumoja ili niwape mwingine. Wane inatosha."

Nsimire akaongeza, bila kuinua sauti: "Hata Aganze hataki."

Kwa kuwa alisema mjane, walimsikia. Kamaldine alitua bidoni chini. Mmoja baada ya mwingine wakaondoka, wengine wakilia.

Haikuwa mwisho mzuri kwa kila mtu. Christophe hakuweza tena kulala katika nyumba ile. Kabla ya Krismasi alihamia Nyangwe kwa wajomba zake, na shamba lake likaota magugu. Byamungu alilipa sanda na chakula cha matanga, akabaki na shimo lake. Lakini wachimbaji walikaa wenyewe kwa wenyewe wakaweka sharti, na wakamlazimisha Byamungu akubali: kila asubuhi mtu wao atapita shuleni kuuliza namba, na siku tatu zikijumlishwa zikapita milimita themanini, hakuna atakayeshuka mpaka zipite siku mbili za ukavu.

Ilikuwa kazi ngumu kuliko walivyodhani. Mwezi wa Januari namba ilifika tisini, wakakaa nje, na shimo halikufanya kitu. Februari wakakaa nje tena, na tena kilima kikasimama. Wengine walinung'unika kwamba watoto wa Madame wanawanyima ugali. Marcelline hakuwahi kuwaahidi kwamba shimo litaanguka. Aliwaambia tu kile daftari lilichosema na kile lisichosema, na mara nyingine alirudi darasani na mashaka yake mwenyewe.

Mwezi wa Aprili, siku ya pili ya kungoja, jua likiwa utosini, ukuta wote wa kusini uliingia shimoni. Ulifunika pampu, ngazi na sepetu kumi na moja. Wachimbaji walikuwa chini kwenye mto wanafua nguo zao. Walihesabiana mara tatu, wasiamini, na hakuna aliyepungua.

Alasiri hiyo Nsimire alikuja kwa Marcelline na kapu la sombe, majani mabichi ya mihogo. Tangu Novemba walikuwa wakisalimiana njiani tu, na salamu yenyewe ilikuwa fupi. Marcelline alitoa kinu bila kuuliza. Walitwanga kwa zamu, mmoja akipumzika mwingine anashika mchi, mpaka majani yakalainika.

"Leo wake za watu kumi na saba wanapikia mabwana zao," alisema Nsimire. "Nilifurahi. Kisha nikaingia mu nyumba, nikalia."

"Ndiyo, Mama Cadette."

"Sikukusamehe kabisa. Nataka ujue."

"Najua."

Nsimire alikusanya majani yaliyorukia ukingoni, akayarudisha ndani ya kinu.

"Cadette anasema anataka kuendelea, akimaliza la sita. Huku hakuna sekondari nzuri. Unasema ataweza?"

"Ataweza. Niko na dada yangu mu mji ya Kasongo, Yvette, anakaa karibu na misheni. Nyumba yake si kubwa, lakini ni mutu wa kusali, na iko na mabinti wawili wa umri wake."

"Anapikaka vizuri, huyo dada yako?"

"Kunipita miye."

Nsimire akaupokea mchi.

"Basi umwandikie," alisema, akaanza kutwanga.